Mstari wa Kengele

Ijumaa, 6 Oktoba

Taarifa za wazazi zimekwenda. Afadhali! Sista Mkuu ana sheria yake: kila Ijumaa, kabla ya kufunga ofisi, kila mzazi wa darasa la saba apate kwenye simu yake yale ambayo darasa limejifunza, na chini yake mstari mmoja wa mtoto wake mwenyewe. Mstari uanze na jema. Hata kama mtoto amevunja dirisha, anza na jema. Mwalimu wa Sayansi anasema yeye angeandika: "Ana mkono wenye nguvu."

Humu daftarini simdanganyi mtu. Nafungua ya mwaka jana kwenye kompyuta, nabadilisha tarehe. Muhtasari ni ule ule, mwezi wa Rozari ni ule ule, na hesabu za sehemu ni zile zile — nusu haijawahi kugeuka kuwa kitu kingine. Mistari ya watoto tu ndiyo ninayoandika upya. Mwaka jana tulichapa karatasi, mtoto apeleke mwenyewe nyumbani. Nyingi ziliishia kuwa ndege.

Macho yananiuma. Majibu ya wazazi ni yale yale: Amina, ubarikiwe mwalimu, kidole gumba. Nani anasoma? Sidhani kama yupo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Yupo anayesoma.

Nimeboronga, tena vibaya. Mama Kengele — fundi cherehani, anayeshona sare za nusu ya shule yetu. Mwanawe wa kwanza alikuwa darasani kwangu mwaka jana. Tulimwita Kengele kwa sababu ndiye aliyekuwa akipiga kengele altareni, na aliipiga kama anayeita zimamoto. Likizo ndefu homa ikamshika. Haikuchukua muda, tukamzika. Mwaka huu ninamfundisha mdogo wake, Kidoti. Jina la ukoo ni moja, mafaili yao yamekaa jirani kwenye kompyuta. Na mimi, kwa haraka zangu, nimemtumia mama yao mstari wa mwaka jana: "Kengele ameongoza rozari kwa sauti safi. Sehemu bado zinamsumbua."

"Bado." Mungu wangu!

Nimepiga simu kuomba radhi. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Nikasikia cherehani tu nyuma, inakwenda, inasimama. Kisha akauliza kama ni kweli, aliongoza rozari? Nikasema kweli. Akasema yeye hakuwahi kuletewa hata karatasi moja, yule mtoto alizikunja zote. Zipo nyingine? Nikamwambia zipo, nimtumie zote leo? Akakataa. Moja moja, kila Ijumaa. Kama wazazi wenzangu, akasema.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimemweleza Mwalimu wa Sayansi wakati wa chai. Akatafuna mandazi yake mpaka yakaisha ndipo akajibu. Tuma, akasema, ni kazi ya huruma, na tena haikugharimu kitu, imeshaandikwa. Halafu akaongeza, "Ila mwenye kovu usidhani kapoa." Huyu bwana akishatoa ushauri lazima aufungie mlango na methali, usijue umepewa ruhusa au umeonywa.

Nitatuma.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimemtumia ya Kengele: "Ni mwenye furaha na anawafurahisha wenzake, hata pale ambapo ingefaa wanyamaze." Chini yake nikaweka ya Kidoti: "Amepata zote katika jaribio la sehemu. Wa kwanza darasani."

Jibu likaja hapo hapo. Anacheka. Anasema ndiye yeye kabisa, hata nyumbani alikuwa hanyamazi, hata akila. Aliniandikia marefu. Ya Kidoti hakuitaja. Labda aliisoma baadaye. Mtu ana kazi zake.

Nimejisikia vizuri siku nzima, lazima niseme. Miaka yote ninaandika taarifa hizi, leo ndiyo mara ya kwanza zimemfaa mtu.

Jumatano, 18 Oktoba

Baridi asubuhi. Kidoti kaja na sweta la kaka yake. Mikono inamfunika mpaka kucha, kila akitaka kuandika anaivuta juu, inashuka. Nikamwambia, mwana wa fundi, mama hawezi kulipunguza? Akasema mama hataki likatwe. Akaendelea kuandika.

Mwandiko mzuri. Mtoto mtulivu, hata humsikii. Watoto watulivu wanachosha kuandikiwa mstari: vizuri, vizuri sana, aendelee hivyo hivyo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Leo wazazi walitembelea madarasa. Niliyaambia madawati yasilie — nimezeeka, nazungumza na mbao.

Mama Kengele alifika mapema, sindano bado imechomekwa kwenye kola. Hakukaa na wenzake. Aliniuliza Kengele alikuwa anakaa wapi. Nikamwonyesha, kando ya dirisha. Akaketi, akapitisha mkono chini ya dawati, akakuta ubani wa kutafuna, mkavu, umegandishwa pale. "Huyu ni yeye!" Akacheka mpaka machozi. Nami nikacheka. Wazazi wengine wakageuka kututazama.

Ndipo nikamwona Kidoti. Alikuwa amesimama kando ya mama yake, daftari la hesabu wazi mikononi, ukurasa wenye alama za vema tupu. Amelishika vile, mtu akigeuza shingo kidogo alione. Mama hakugeuza. Alipoinuka alimkunjia mkono mmoja wa sweta, mara mbili, kwa ustadi wake ule, akaenda kazini. Mtoto akafunga daftari.

Jumanne, 24 Oktoba

Jaribio la sehemu. Kidoti amekosa zote.

Nusu jumlisha theluthi: juu amejumlisha moja na moja, akapata mbili, chini mbili na tatu, tano. Nyingine zote hivyo hivyo, juu kwa juu, chini kwa chini. Mwandiko ule ule mzuri, kila kosa limepigiwa mstari kwa rula.

Hilo kosa ninalijua. Nililisahihisha mwaka mzima. Darasa zima mwaka huu hakuna mwingine anayekosea hivyo. Lilikuwa la Kengele.

Jumatano, 25 Oktoba

Nilimbakisha Kidoti wakati wa mapumziko. Nikamwuliza imekuwaje. Akavuta mikono ya sweta. Nikasema sina hasira, nataka kujua tu.

Akaeleza kama anayesoma ubaoni. Ijumaa jioni mama husoma taarifa mezani, kwa sauti. Akifika kwenye sehemu anacheka. "Sehemu zinamsumbua mwanangu!" Kisha anairudia. Hata Ijumaa ambayo taarifa mpya haitaji sehemu, anairudisha ile ya kwanza, anaisoma tena.

— Na yako?

— Yangu inakuwa chini.

— Haisomi?

— Chakula kinakuwa kimeisha, Mwalimu.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, nina leso kwenye droo kwa kazi hiyo. Akaniuliza tu kama Ijumaa hii nitaandika kwamba sehemu zinamsumbua. Nikasema tutaona. Akashukuru! Akatoka kucheza.

Nimeona uchungu. Na hasira, sijui ya nani. Yangu mwenyewe, nadhani. Nilikuwa ninajipongeza.

Ijumaa, 27 Oktoba

Niliona nitumie akili. Nimeweka mstari wa Kidoti juu, wa Kengele chini. Sikuandika habari ya makosa, niliandika anaimba vizuri kwenye kwaya ya darasa. Ni kweli anaimba.

Jibu: "Asante Mwalimu! Leo kanichekesha sana, eti aliuliza kama malaika hukata kucha!" Hiyo ni ya Kengele. Aliuliza kweli, mbele ya padri.

Kwa hiyo si suala la juu wala chini.

Mwalimu wa Sayansi anasema niache, huyu mama ana msiba, si kazi ya mwalimu kumpangia mtu namna ya kulia. Nikamwuliza, na kovu lako lile la juzi? Akasema methali haina mwenyewe, akabeba chupa zake za maabara.

Alhamisi, 2 Novemba

Misa ya Marehemu Wote. Shule nzima kanisani. Mtumishi mpya wa altare anapiga kengele kwa woga, kama anabisha hodi kwa watu asiowajua. Mama Kengele alikuwa kiti cha mbele. Kengele ilipolia aliinua kichwa, akakishusha.

Kidoti alikaa na darasa, nyuma yake kabisa. Alimtazama mama yake kisogo Misa yote.

Nje, mama akanishika mkono, mkono wake mgumu ncha za vidole. Akanishukuru. Akaniambia wiki kwake sasa ina siku moja tu. "Kesho Ijumaa, Mwalimu," akasema, na uso ukamfunguka. Kidoti alikuwa amesimama pale pale, katikati yetu, tukiongea juu ya kichwa chake.

Nilijibu ndiyo, kesho.

Ijumaa, 3 Novemba

Jaribio jingine asubuhi. Kidoti, juu kwa juu, chini kwa chini. Zote.

Ofisini, wenzangu wameondoka. Nimefungua faili la Kengele. Mstari wa wiki hii upo, mzuri tu, wa kuchekesha. Nimeusoma. Nimefunga faili.

Nimeahidi, najua. Nimemwangalia mtu usoni jana tu nikasema ndiyo. Na sina haki ya kumnyang'anya mama mtoto wake mara ya pili — hilo nimelifikiria tangu asubuhi. Lakini huyu mwingine naye anaondoka, taratibu, kwa rula na mwandiko mzuri, na mimi ndiye ninayemtumia ramani.

Nikaandika. Nikafuta. Salamu peke yake imenichukua muda kuliko taarifa nzima, maana hakuna anayemwita hivyo, si shuleni, si sokoni, wala sidhani kama nyumbani:

"Mama Kidoti, habari za kazi. Kidoti anazijua sehemu kuliko wote darasani. Wiki hizi anazikosa kwa makusudi, kwa njia ya kaka yake, ili usome na za kwake. Ya Kengele ninayo, haipotei. Leo naomba usome hii tu, mezani, kabla ya chakula kuisha."

Nimeanza na jema. Sista Mkuu hana la kusema.

Nimetuma.

Nilipoinua macho Kidoti alikuwa mlangoni, mkoba mgongoni. Kumbe haendi nyumbani Ijumaa mpaka taarifa zitoke. Akauliza kama nimemtumia mama. Nikasema nimemtumia. Sehemu umeziandika? Nimeziandika.

Akaja akasimama kando ya kiti changu, tukitazama simu wote wawili. Alama mbili: umesomwa. Kisha juu, chini ya jina, maandishi yale madogo: anaandika. Yakapotea. Yakarudi. Yakapotea tena. Nimechukua daftari hili ili mikono ipate kazi.

"Amesemaje, Mwalimu?"

Nikamwambia bado anaandika. Akavuta mikono ya sweta juu, yote miwili, akaishikilia isishuke.