Ubao wa Gitaa la Zuhura

Jumatatu, 6 Januari
Nimefagia uani, nimeloweka choroko, nimefua. Halafu nikaingia stoo kuutazama ubao. Haupo.

Selemani aliulaza juu ya dari, kaufunga shuka jeupe vumbi lisiingie. Ubao wa mwembe. Aliuacha ukauke misimu miwili ya mvua na kila akipita chini yake aliuinulia macho. Nimepanda stuli. Kuna baiskeli mbovu na mitego ya panya, basi.

Toka tumzike Novemba sijavuka mlango wa mbele. Nipo eda. Ubao umetoka na nani?

Jumamosi, 11 Januari
Zuhura kaja kutoka Lindi na basi la asubuhi. Kakonda. Bado anapiga solo kwenye bendi ya harusi, kwa gitaa la kuazima. Mwenye gitaa analitaka baada ya Ramadhani. Idi ikiisha harusi zinafuatana, na asiye na gitaa lake bendi haimngojei. Kuna kijana tayari anakuja mazoezini kukaa tu na kutazama.

Mwanangu anatumia mkono wa kushoto. Gitaa la kushoto madukani halipatikani, la kuazima analigeuza juu chini na vitufe vinamchoma mkononi. Ndiyo maana baba yake aliamua kumtengenezea. Gitaa la Selemani mwenyewe lilivimba maji paa lilipovuja, akalifungua. Shingo, vikazio vya nyuzi, zile sumaku zinazokamata sauti, vyote vipo kwenye bati la biskuti chini ya kitanda. Kilichobaki ni mwili. Ni ubao tu.

Sijamwambia kuwa haupo. Kala vizuri.

Jumatatu, 13 Januari
Leo nimejua.

Shemeji Athumani, mdogo wake Selemani, huniletea samaki Jumatatu. Anakaa barazani, mimi nyuma ya pazia, tunaongea hivyo. Yeye ni seremala wa vitanda, nikamuuliza kama ameuona ubao wa kaka yake.

Akaweka samaki chini. Halafu akasema, “Ule wa shuka jeupe, shemeji?”

Siku ya maziko zilitakiwa mbao za kumfunika mwanandani, kule chini kaburini. Msiba ulitushtua, hakuna aliyeandaa kitu. Aliingia stoo, akaona ubao mkavu, umenyooka, umefungwa shuka jeupe. “Nilidhani kajiwekea,” alisema. Baba yao alijiwekea hivyohivyo, sanda na mbao, miaka kabla ya kufa. Akaukata vipande nyuma ya nyumba.

Wanawake hatuendi makaburini. Nilikuwa ndani na wenzangu. Nilisikia msumeno. Nakumbuka niliwaza, wanatengeneza benchi la wageni.

Jumatano, 15 Januari
Nimeunguza wali. Nina hasira na Athumani. Nina hasira na Selemani pia kwa lile shuka. Angefunga kwa gunia.

Jumamosi, 18 Januari
Nimemwambia Zuhura kwa simu. Akauliza, “Wote?” Nikasema wote. Akasema sawa mama. Haikuwa sawa.

Jumamosi, 25 Januari
Athumani amerudi kutoka Somanga na ubao wa mninga. Kaupitisha chini ya pazia kama mtu anayelipa deni, na mimi sikumdai. Mzuri sana. Mwekundu, umelainika kama sahani.

Nikafanya alivyokuwa akifanya Selemani. Alikuwa anaupakata ubao kiunoni kama mtoto, anatembea nao uani mpaka achoke. Nimezunguka kisima, nikachoka. Zuhura anasimama na gitaa tangu bibi harusi anapoingia ukumbini mpaka viti vinakusanywa. Mninga utamuua bega. Na bei yake ni ya kitanda kizima.

Nikamwambia akaurudishe. Nilisikia viatu vyake tu.

Jumapili, 2 Februari
Wifi Somoe kaja. Ni dada yao mkubwa, anashona nguo za watoto na magauni hapa hapa Kivinje. Mikono kiunoni toka mlangoni.

“Hii nyumba ya eda au karakana?”

Nikamwambia ni gitaa la Zuhura.

“Watu watasema mjane hajatoka eda kashaanza ngoma.”

Nikamwambia gitaa la umeme lisipochomekwa halitoi sauti. Aliye chumba cha pili hasikii.

“Sasa gitaa lisilosikika la nini?”

Nilicheka. Mara ya kwanza toka Novemba. Yeye hakucheka. Kaondoka akisema kaka yake naye alikuwa hivyohivyo, hana maana.

Ni kweli alikuwa hana maana. Kwenye foleni ya maji alikuwa akipigapiga ndoo za watu asikie ipi ina sauti.

Jumatano, 12 Februari
Athumani kaleta msufi. Mwepesi kama mkate. Nikaingiza skrubu, nikaichomoa kwa vidole. Nyuzi zitaing’oa shingo.

Mkorosho tumeujadili tu. Shambani kwao ipo mingi, lakini haina kipande kilichonyooka cha kutosha.

Jumapili, 23 Februari
Mwembe mpya, umepasuliwa juzi. Mbao za mwembe ndizo tunazoziweza. Nimeushika kwa vidole viwili karibu na ncha, nikaugonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Selemani alisema ubao mkavu unajibu. Huu haujibu kitu. Ni kama kugonga papai.

Athumani alisema tuuanike. Nikamuuliza mvua za Machi atazizuia nani. Nilisema kwa ukali. Akasema, “Shemeji, kama ningeweza kuufukua ningeufukua.”

Akaondoka. Samaki wamekaa barazani mpaka paka kawaona.

Jumapili, 2 Machi
Mfungo umeanza. Daku peke yangu. Nilitoa vikombe viwili, nikakirudisha kimoja.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Zuhura kapiga simu. Yule kijana sasa anapewa nyimbo za mwisho mwisho. Kasema anaweza kutafuta kazi ya duka, wala asinisumbue. Anaongea kwa upole kama baba yake alivyoongea alipokuwa na homa. Sipendi upole huo.

Jumapili, 9 Machi
Wifi Somoe kaja kabla ya futari, ubao kichwani umefunikwa mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Kautupa mkekani.

“Gonga.”

Ni ubao wa meza ya cherehani yake. Mwembe. Selemani alimtengenezea kabla hata sijaolewa, una tundu la mkanda wa cherehani na doa la wino. Umeketi ndani ya nyumba miaka yote hiyo, karibu na pasi ya mkaa.

Nikaushika kwa vidole viwili. Nikagonga. Ukajibu. Sauti ndefu, ikazunguka chumba kisha ikaisha polepole. Wifi alikuwa ananitazama usoni, hautazami ubao.

Nikamwambia siwezi kuuchukua, huu ni mwezi wa nguo za Idi. Akasema ana meza nyingine ya chuma, hii ilikuwa inamkwaza tu.

Nikaupakata kiunoni, nikatembea. Nimefika kisimani na kurudi, nikaenda tena.

Jumapili, 16 Machi
Zuhura kalala hapa. Jana alipita kwa shangazi yake kumsalimia. Hakuna meza ya chuma. Cherehani iko juu ya sanduku la nguo na shangazi anashona amekunja mgongo, vitambaa vya wateja mpaka mlangoni.

Zuhura alitaka kuurudisha. Alikuwa keshausimamisha mlangoni. Nikamwambia wifi akishatoa hapokei, atatutukana mpaka Idi Kubwa. Lakini pia niliutaka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Nikamtuma Zuhura amwite baba yake mdogo. Kaja na msumeno na patasi. Nikampitishia ubao chini ya pazia. Nikamwambia akimaliza gitaa, atengeneze meza ya wifi kwa ule mwembe mbichi ukishakauka. Akasema, “Nishauanika ubavuni kwangu, chini ya bati.” Toka lini? Toka siku ile nilipomfokea.

Alhamisi, 20 Machi
Msumeno nyuma ya nyumba. Mlio uleule. Niliacha kukuna nazi. Nikakaa mpaka ukaisha, kisha nikaendelea kukuna.

Athumani alichora umbo kwa kadibodi ya gitaa la kaka yake, akasahau kuligeuza. Nimemwona dirishani. Nilipiga kelele kwa jina lake, bila shemeji, bila chochote. Akageuza kadibodi. Mjane wa eda kapiga kelele dirishani. Wifi atasikia tu.

Jumatano, 26 Machi
Sumaku zimeingia. Waya zimepita kwenye tundu lilelile la mkanda wa cherehani, ikabidi kulichonga kidogo tu. Doa la wino limebaki mgongoni. Vanishi haikauki kwa mvua hizi, amelipaka nta ya mshumaa.

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Pilau imetosha. Watoto wa jirani wamepita na magauni mapya, nimeijua mishono ya wifi. Pindo zimepinda. Hajawahi kupindisha pindo.

Ijumaa, 4 Aprili
Kesho natoka eda. Nguo ziko tayari.

Zuhura anapiga harusi kesho Lindi. Kaja kulichukua gitaa. Kalivaa, likakaa upande wa kushoto kama limezaliwa hapo. Athumani alikuwa barazani. Wifi alikaa mkekani na mimi, anasema gitaa gani hili, mbona kimya.

Zuhura alikuwa anapiga. Halikuchomekwa popote. Vidole vinakwenda na mvua imezidi sauti.

Selemani alikuwa akilipiga la kwake hivyo sisi tukiwa tumelala, kidevu juu ya mbao. Nilidhani anasinzia.

Nikasogea, nikaweka sikio mgongoni mwa gitaa, penye doa la wino. Lilikuwa linasikika lote.

Nikamvuta wifi mkono. Alikataa kwanza.