Moshi Ndio Utakaohama

Jumamosi, 3 Juni

Kimefika! Boksi limekaa katikati ya jiko, nalizunguka tu kama bibi harusi anayekagua zawadi. Kivuta moshi. Changu! Sikumwomba mtu ushauri, sikumwomba mtu ruhusa.

Niandike ilivyokuwa, maana kichwa changu siku hizi kinapenda kunipunja. Mwezi wa tatu nilikuwa nakaanga samaki, kikohozi kikanishika, nikakaa sakafuni na kuinuka nikashindwa. Kifungua mimba wangu aliingia akanikuta hivyo—sufuria linafuka juu, mama yake yuko chini. Alinibeba mpaka nje. Daktari akasema mapafu yamechoka, moshi wa jikoni basi. Miaka ishirini na saba nimepika hospitali ileile! Daktari huyo mwenyewe alikuwa anakuja dirishani kuomba aongezewe mchuzi.

Tangu hapo Meneja ana wimbo mmoja. (Meneja ndiye huyo mwanangu. Hajawahi kuona kitu asikipangie ratiba.) Nihamie kwake. Chumba kipo, televisheni ipo, dada wa kupika yupo. Nikapumzike. Mimi naona kupumzika na kufa ni majirani wa ukuta mmoja.

Jikoni hapa ndipo ninapojijua mimi ni nani. Nikitoka hapa nitakuwa mzigo unaohamishwa chumba hadi chumba. Nimemwambia hivi: daktari kasema mimi na moshi tusikae jiko moja. Sawa. Moshi ndio utakaohama.

Jumatatu, 5 Juni

Fundi kaja. Nimempa jina, Dakika Mbili. Kupima, dakika mbili. Kutoboa, dakika mbili. Kunywa chai—nusu saa.

Tumebishana kuhusu urefu. Alitaka kukiweka juu sana ili nisigonge kichwa. Nikamwambia, baba, mimi si twiga. Kikikaa mbali moshi unapita pembeni unakwenda zake, kikikaa karibu sana moto unakiunguza. Kule hospitalini tulikuwa nacho kikubwa kama paa la kibanda, nakijua. Akapima upya.

Kisha nikachukua chaki nikachora duara ukutani, juu ya dirisha. Bomba litokee hapa. Nje kabisa. Akasema ndiyo mama, amenielewa mama.

Saa nne Meneja akatokea, ajabu, siku ya kazi, akajitolea kunipeleka kliniki. Nikafurahi. Foleni ilikuwa ndefu, naye akangoja nami bila kutazama saa hata mara moja. Hiyo pekee ingetosha kunishtua.

Nimerudi, kila kitu tayari. Kinang'aa! Ila duara langu la chaki liko palepale, ukuta mzima. Dakika Mbili akaeleza kwamba bomba amelipandisha juu, limepita darini na kutokea juu ya paa, na ndiyo mtindo wa kisasa. Hakuniangalia usoni. Nikadhani ni aibu ya kunipinga.

Nikafanya jaribio la hospitalini. Nikawasha, nikasogeza kipande cha karatasi kwenye chujio. Kikanaswa pale, hakikuanguka. Kinavuta! Nimepiga kigelegele peke yangu jikoni, nikakohoa, nikacheka.

Alhamisi, 8 Juni

Kina spidi tatu. Ya tatu inanguruma mpaka jirani kapiga simu kuuliza kama kuna lori limeegeshwa kwangu. Nimekaanga vitunguu bila chozi hata moja. Meneja kauliza naendeleaje. Nimempa ripoti ndefu makusudi.

Ijumaa, 16 Juni

Siku ya kuosha machujio. Hospitalini ilikuwa Ijumaa, na kwangu ni Ijumaa. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, kijiko kikubwa cha magadi. Yaloweke robo saa, brashi laini, suuza, yakauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mafuta yakiachwa kule juu yanaganda, na cheche moja tu ikiruka huna jiko tena. Wengi hununua kitu, wakapiga nacho picha, basi. Kukitunza hawataki.

Mwilini mambo si mazuri sana. Nimeamka na kikohozi siku tatu mfululizo. Na chumba cha kulala kinanuka vitunguu. Nimebadilisha mashuka. Bado kinanuka.

Jumanne, 20 Juni

Leo kwenye kikao cha kina mama aliyekaa kando yangu kanong'ona kuuliza kama nimekuja na samaki kwenye mkoba. Nguo ilikuwa safi, imetoka kabatini! Nimecheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Meneja kaniambia kwenye simu, kwa upole, kwamba anasikia ninavyopumua. Kwamba nimejaribu, imeshindikana, si aibu. Kwamba watoto wake wameshanipangia kitanda. Kwa mara ya kwanza nimemuaga bila kubishana. Nimeogopa, niseme ukweli. Nilijiona tena pale sakafuni.

Kisha nikajilaza, nikatazama juu. Kwenye dari, juu kabisa ya mto wangu, kuna doa la njano. Ukubwa wa sahani. Mvua haijanyesha mwezi mzima.

Jumatano, 21 Juni

Hasira imenipanda mpaka naandika ovyo.

Asubuhi nimekwenda kwa jirani—Mama Pazia, hakuna gari linalopita mtaani asijue limembeba nani—nikaazima ngazi. Nikaifungua ile nafasi ya koridoni ya kupandia darini, nikachomeka kichwa na tochi ya simu.

Bomba liko humo. Limelala juu ya mbao, limefika kati ya jiko na chumba changu, likaishia hapo. Mdomo wazi! Hakuna paa lililotobolewa, hakuna nje, hakuna kisasa. Wiki mbili na zaidi nimepika, kivuta moshi kinavuta kweli, kinaupeleka moshi wote darini, nao unanishukia kitandani nikiwa nimelala. Nimelipia kifaa cha kunifukiza! Mbao zimeanza kunata kwa mafuta. Nyaya za taa zinapita hapohapo. Ningekuja kuteketea ndani.

Nimempigia Dakika Mbili. Nikamwambia neno moja, njoo. Sauti niliyotumia nilikuwa naitumia kwa wapishi waliounguza uji wa wagonjwa mia mbili.

Kaja. Kasimama mlangoni na kofia mkononi. Nilimpa kiti, akakataa.

“Mama, nisamehe. Mimi nilitaka kutoboa ukuta.”

“Nani kakukataza?”

Akaigeuzageuza kofia.

“Nakuuliza baba, nani kakukataza?”

“Mwanao, mama. Alisema ukuta usiguswe. Kuna wapangaji wameiona nyumba kwenye picha, wanaitaka ilivyo. Alisema wewe unahama mwisho wa mwezi, kwa hiyo ni kwa muda tu… nikufurahishe.”

Nikufurahishe!

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema. Wangu nilimfulia nguo zenyewe.

Dakika Mbili anaapa kwamba Meneja hakujua bomba lingeishia njiani. Alimwambia atafute njia nyingine tu, bila kugusa ukuta wala paa. Njia nyingine haikuwepo, na fundi akaona haya kusema hawezi. Mmoja hataki ukuta uguswe, mwingine hataki kuonekana hajui, na mimi katikati nakohoa.

Kalivuta bomba lile mpaka mdomo wake umerudi jikoni. Nikamwambia atoboe pale pa chaki. Kakataa. Kasema ugomvi wa mama na mwana, fundi akiingia anatoka bila meno. Kaondoka, lakini tindo yake ya kutobolea kuta kaiacha juu ya meza. Kasahau, eti. Fundi hasahau tindo.

Alhamisi, 22 Juni

Nimempigia Meneja mwenyewe. Sikupiga kelele, na nafikiri hilo ndilo lililomtisha.

Nimemkumbusha kwamba nyumba hii ina jina langu kwenye hati. Kajibu kwamba anajua, alitaka nipazoee kwanza kwake ndipo aniambie. Wapangaji wanakuja kuikagua Jumamosi. Watu wazuri. Nikamwambia hata wawe malaika, malaika wana kwao.

Nikamweleza la bomba. Kataka nirudie, nikarudia. Halafu: “Sikujua, Mama. Wallahi sikujua. Lakini ulianguka. Mimi ndiye niliyekukuta.”

Hilo ni kweli. Kila akinipigia na simu ikachelewa kupokelewa, anaiona ile sakafu. Huo ni woga wake na sina haki ya kuucheka. Lakini woga wake hauwezi kuwa ndio unaoniamulia pa kuishi.

Nimemwambia aje Jumamosi, na hao watu wake kama anataka. Hakuna anayehama.

Ijumaa, 23 Juni

Machujio: nimeyaosha. Magadi yamekwisha.

Mama Pazia kaja kuulizia ngazi yake. Kumbe ukuta ule unatazama kamba yake ya nguo, nikaona nimweleze kabla sijamwelekezea harufu za samaki kwenye mashuka yake. Alisikiliza habari yote, na huyu mwanamke huwa hasikilizi, huwa anakusanya. Mwisho akasema kamba ataihamisha, ilikuwa imelegea tangu mwaka jana. Na ngazi nikae nayo.

“Toboa, shoga. Nikiulizwa nitasema nilisikia radi.”

Jumamosi, 24 Juni

Saa mbili na nusu. Nimeanza. Ukuta nimeulowanisha kwa maji kwanza, vumbi likilowa halipandi. Kitambaa kibichi mdomoni. Madirisha wazi. Napiga mara kumi, nashuka, nakaa juu ya ndoo, napumua, naandika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuacha neno lolote kwa mwenye kutoboa wake kwa hiari.

Saa tatu. Plasta imetoka yote. Tofali la kwanza ni gumu kuliko babake Meneja, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyelijenga.

Saa nne kasoro. Tofali moja limetoka! Mwanga umeingia, mstari mwembamba, ukaangukia jiko. Kikohozi kimekuja, nikakingoja kikapita. Nimeogopa kidogo. Nimepanda tena.

Saa nne na robo. Wamefika. Nimesikia gari, nikasikia Meneja akiwakaribisha wageni kwa sauti yake ya ofisini. Kagonga. Nilikuwa juu, na komeo ndani. Kagonga tena. Nyundo yangu ndiyo iliyomjibu.

Akazunguka mpaka dirisha la jikoni. Akaniona: mama yake juu ya ngazi ya watu, kitambaa mdomoni, vumbi kichwani, tindo mkononi. Uso wake ukawa ule wa mwezi wa tatu.

“Mama, shuka! Tafadhali, shuka, utaanguka!”

Nyuma yake mwanamke mmoja, mpangaji mwenyewe nadhani, aliuliza kwani hapo panatobolewa nini. Mumewe akamwambia waende wakasubiri getini.

Nikatoa kitambaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu juzi, mengi, yamepangwa kama vyombo. Hayakutoka hata moja. Nikamwambia:

“Kama unaogopa nitaanguka, ingia unishikie ngazi.”

Akasimama, mikono kwenye nondo za dirisha. Kisha kageuka, kaelekea getini.

Nimeshuka. Nimeondoa komeo, mlango nimeuacha wazi kabisa. Nimekaa kwenye ndoo, mapafu yanapiga filimbi. Nasikia wanaongea kule. Sauti yake iko chini, siipati. Anawaambia waende, au anawaambia wangoje dakika chache tu mama atulie—sijui. Kwa kweli sijui. Namjua tangu siku ya kwanza ya maisha yake na sijui.

Limebaki tofali moja na nusu. Nikilitoa, bomba linapita.

Geti limelia. Hatua zinakuja barazani. Sitageuka kuangalia ni za watu wangapi. Naweka kalamu, napanda.