Kura ya Nadine

Pine Fork, Oregon
Desemba 12

Kwa dada yangu mpendwa Dagny,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini goti limepoa na kwamba bado unamgombeza daktari kama kawaida yako. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nakata kuni, na mbwa bado ananivumilia.

Uliponiuliza kwa simu kuhusu kura ya maktaba, nilikwepa nikasema sufuria inaungua. Jikoni hakukuwa na sufuria yoyote. Acha nikueleze kwa maandishi, maana kwa mdomo nimeshindwa.

Tangu tumzike mke wangu Nadine mwezi wa Machi, nimekuwa nikishinda maktaba. Maribel, mkutubi wetu, alikuwa ananiwekea kiti karibu na hita pamoja na gazeti la jana. Siku nyingi sikuongea na mtu mwingine. Kwa hiyo wilaya ilipotangaza kuwa itaifunga maktaba kama wananchi hawatapitisha kodi ndogo ya kuiendesha, nilichomeka bango uani na kugonga milango mji mzima. Jirani yangu Verl alinicheka: "Wewe Elwood, maisha yako yote hujamaliza hata kitabu kimoja, leo umekuwa mwalimu?" Nikamwambia nimeshaanza cha kwanza, na kina picha nzuri. Akaahidi kupiga ndiyo, na nadhani alipiga.

Karatasi za kura zilikuja kwa posta wiki tatu kabla, kama kila mara. Safari hii ilikuja moja. Kwa miaka arobaini na moja zilikuwa zinakuja mbili, yangu na ya Nadine, na Jumapili baada ya kanisa tulikaa mezani na pai ya tufaha, mimi nikisoma kila pendekezo kwa sauti, kisha kila mtu akiweka alama yake. Kodi yoyote, iwe ya shule, ya zimamoto au ya barabara, mimi ndiyo, yeye hapana. Shamba la baba yake lilichukuliwa kwa sababu ya kodi, na hakuisamehe serikali hata siku moja. Tukimaliza alikuwa anacheka: "Haya mzee, tumefutana. Bora tungelala."

Kura zilihesabiwa mara mbili. Ndiyo mia mbili na tatu, hapana mia mbili na tatu. Zikifungana, pendekezo limeanguka, ndivyo sheria yetu ilivyo. Maribel alikuja kuniaga, akanikumbatia mlangoni. "Asante, mzee wangu. Kila mtu angefanya kama wewe, tungeshinda." Akalia begani kwangu. Amehamia Boise kwa binti yake.

Dada, sasa nisikilize. Jumapili ile nilikata pai vipande viwili. Nikasoma pendekezo kwa sauti na hakuna aliyenibishia. Nikaona kwamba nikiweka ndiyo, hakutakuwa na hapana ya kuifuta, na hapo ndipo Nadine atakuwa amekufa kabisa. Basi nikapiga hapana. Nikatia sahihi yangu nyuma ya bahasha, nikaitumbukiza kwenye sanduku mbele ya mahakama, nikarudi nyumbani nikijisikia nina mtu. Niliamini ndiyo zitashinda kwa mbali, kwa jinsi mabango yalivyojaa mitaani.

Ningepiga ndiyo, zingekuwa mia mbili na nne kwa mia mbili na mbili. Hesabu hiyo naifanya kila asubuhi nikinywa kahawa. Verl hajui, Maribel hajui. Nina aibu, Dagny, na nina upweke, na siku nyingine siwezi kutofautisha kipi ni kipi.

Leo saa nne asubuhi nilivaa koti nikashika njia ya maktaba bila kufikiri. Mlango una mnyororo. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi, ndipo nikarudi kukuandikia.

Wasalimie shemeji na wajukuu, na ulitunze hilo goti. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa barua ndefu. Sina kingine cha kusoma.

Ni mimi mdogo wako,
Elwood