Ndizi kala kima, isale nimeshika mimi

Ndeshi, uko?

Nimeitwa mwizi wa ndizi mbele ya ukoo mzima. Mimi!

Zile ndizi mama mkwe alizovundika stoo kwa ajili ya pombe ya mbege ya kipaimara zimekuwa zikipungua. Nikasema ni kima, wanaingilia kwenye paa. Akacheka. "Kima gani huyo? Kwenu mmezoea njaa, tunajua."

Kwenu mmezoea njaa, Ndeshi! Na mume wangu Elirehema amekaa pale pale, anaangalia viatu vyake.

Nikaambiwa nikakate jani la isale nimwombe nalo mama msamaha, maana akishalipokea ndiyo amesamehe. Unanijua, siwezi kubishana na watu wazima. Nikakata. Nikapiga magoti na jani mkononi.

Nikiwa hapo chini, bati la stoo likalia. Kima huyo! Ana mtoto kifuani na chane nzima mkononi. Akakaa juu ya paa, akamenya ndizi taratibu, huku anatutazama.

Wakacheka mpaka machozi. "Mama, mkweo mwingine huyo, mkaribishe!" Simu zote juu, wanampiga picha kima.

Mimi bado niko chini, nangoja hata mmoja aniambie pole.

Mama mkwe akageuka. "Wewe bado umepiga magoti? Inuka ukabandike chai, wageni wana njaa."

Basi. Niko jikoni sasa. Isale ninalo bado, Ndeshi. Hakuna aliyelipokea, na hakuna aliyekwenda kukata la kuniomba mimi msamaha.