Alimtaja Shemeji Yangu, Nikatafsiri "Mpita Njia"

Mpendwa Shangazi, shikamoo, naomba unishike mkono maana nimekwama, na mwandiko usiucheke, niliishia darasa la nne. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunalima kahawa huku Mbozi. Mwezi wa nne alikuja binti wa chuo, Ferista, mtoto mwenye adabu zake, anatafiti habari za akina mama waliofanyiwa yale mabaya ya kuingiliwa kwa nguvu, akatafuta wa kumtafsiria Kinyiha, wakanitaja mimi kwa vile wakija wageni kanisani huwa natafsiri, basi nikaapa kwenye karatasi kwamba sitatoa siri na nitasema kama ilivyosemwa, nikaweka sahihi, na Shangazi, nilijisikia mtu.

Wa tatu kuja alikuwa jirani yangu, mjane, tumechuma kahawa pamoja miaka yote. Ferista akamwambia, "Mama, ukichoka tunaacha, na kama hutaki huyu atafsiri, sema tu." Akacheka. "Aa, huyu mwenzangu, atanisemea." Kinasa sauti akakikataa, "Hicho sikijui, huyu anatosha." Kiswahili anakijua, mahindi yake anauza Mlowo, ila alisema Kiswahili cha jambo hilo hakimtoki mdomoni. Basi akaeleza taratibu, huku anakunja na kukunjua pindo la kitenge, mpaka Ferista akauliza, je, ulimfahamu? Yule mama akaniangalia mimi, sio Ferista, akasema kwa Kinyiha, "Ni baba mdogo wa watoto wako."

Shangazi, Ferista anangoja na kalamu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Anasema ni mpita njia, hakumjua." Ferista akaandika. Yule mama alisikia, akajifunga kitenge, akasema "nimemaliza," akatoka. Mpaka leo tukikutana kisimani ananisalimia vizuri tu, "Umeamkaje, mwenzangu?" na hiyo ndiyo inanimaliza, bora angenitukana.

Kwa huyo mdogo wake mume wangu hasikii wala haoni, na shule zikifungwa mwezi wa sita binti yangu wa miaka kumi na mmoja huenda kukaa kwake Tunduma. Nikisema, nimevunja kiapo cha siri na nyumba yangu pamoja. Nikinyamaza, mwanangu anakwenda kule kule. Ferista bado yupo. Nifanyeje, Shangazi?

Mwenye hofu,
Mbozi, Mei 2013

Mwenye hofu,

Kabla ya yote, nimefuta. Uliandika jina la yule mama mara tano, na la shemeji yako, na la kitongoji. Majina nimeyaondoa, la huyo binti wa chuo nimelibadili, mengine nimeyageuza ili asitambulike mtu, na barua yenyewe nimeichoma. Hata kwangu hukupaswa kumtaja. Unaona siri inavyomponyoka mtu mwema?

Pole sana, mama. Ulishtuka, na mtu akishtuka mdomo hukimbia mbele yake. Lakini mshtuko ni wa siku ile. Tangu hapo ni wiki kadhaa, na hizo ni zako. Na neno lenyewe ni kubakwa, liseme. Mwenzako alikaa nalo peke yake, siku ya kulitoa akakuchagua wewe, kisha akalisikia likifukiwa mbele ya macho yake.

Unaniambia habari za kiapo. Uliapa mawili, kutunza siri na kusema kama ilivyosemwa. La pili ulishalivunja, sasa unajificha nyuma ya la kwanza. Toka huko.

Nenda kwake peke yako, akiwa peke yake, wala usimwite kwako, anakofika huyo bwana. Mwambie kwa Kinyiha ulichofanya. Usimlilie akubembeleze. Muulize anataka nini: maneno yake yarekebishwe, yafutwe yote, au yaachwe. Akitaka polisi, kuna dawati la jinsia, msindikize. Asipotaka, usimsukume. Hilo ni lake.

Ferista mwambie kesho: "Mazungumzo ya mama wa tatu sikuyatafsiri sawa, usiyatumie mpaka mwenyewe aseme." Akiuliza kulikuwa na nini, jibu lako ni kwamba si lako kusema. Kazi hiyo iache. Na wewe binti wa chuo, kama unasoma, ulimuuliza mama wa watu kama anamkubali mtafsiri, tena mtafsiri mwenyewe amekaa pale pale! Angekataaje? Siku nyingine uliza mkiwa wawili, na mtafsiri mtoe mbali, asiye na ndugu wala shamba hapo.

Binti yako haendi Tunduma. Mwezi wa sita kahawa zinaiva, unamhitaji nyumbani, basi. Wala asibaki na baba yake mdogo peke yao, hata akija kwenu. Mfundishe kwamba mtu yeyote mzima, hata ndugu, akimgusa vibaya aje kwako mbio, na wewe utamwamini. Shemeji usimkabili, wala mumeo usimdokeze. Watajua aliyesema, na atakayeumia si wewe.

Huenda yule mama asikufungulie mlango. Rudi zako kimya, mwachie nafasi. Akikufungulia, kaa chini, msikilize mpaka amalize, na safari hii usitafsiri kitu.