Mwaka wa Kwanza, Kitanda cha Chini

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefagia korido tena. Mazoea ya nyumbani, mkono haukai bure. Baridi ya Iringa asubuhi hii ni ya kukata masikio. Wasichana wa hosteli wanapita na ndoo zao, "shikamoo, shikamoo," macho chini, mwendo wa haraka. Wakishanipita wananong'ona. Nikigeuka, kimya.

Leo nimejua sababu. Wanadhani mimi ndiye matroni mpya!

Wenzangu wa chumbani walifika jana usiku nikiwa nimeshalala, nimejifunika gubigubi. Neema wa Makongolosi, Zuhura wa Tanga. Leo mchana nimeingia nikawakuta wamechutama kwenye jiko dogo la umeme, lile lililopigwa marufuku hosteli nzima. Neema akaruka, akalichomoa, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Tusamehe mama, hatutarudia."

Na mimi nikapokea. Jamani! Badala ya kusema mimi ni mwanafunzi kama ninyi, nikalipokea na kulisukuma uvunguni mwa kitanda changu.

Jioni nimewaambia ukweli. Mwaka wa kwanza, ualimu, kama wao. Zuhura akacheka, akaona sicheki, akarudi kukunja nguo zake. Sasa ni mbaya zaidi. Matroni angalau huwa anaondoka, mimi nalala hapahapa. Jiko hawaliombi. Sijui nilirudishe kwa maneno gani.

Jumanne, 5 Novemba

Vijana wa kamati ya mapokezi, fulana za kijani, wametutembeza chuo kizima. Maktaba, zahanati, kanisa, msikiti, chumba cha kompyuta. Vijana wazuri, wachangamfu, wamebeba mizigo ya watu tangu alfajiri. Ila kila tulipofika: "Mzazi, karibu ukae kivulini." Mzazi! Nikapewa na soda ya wazazi. Nimeinywa, ningefanyaje.

Mmoja akaniuliza mwanangu anasoma kozi gani. Nikamwambia ualimu. Sijui kwa nini sikusema ni mimi.

Miaka yote nimefundisha watoto wa chekechea kanisani Igawa, huku malori yanaunguruma barabarani hadi ubao unatetemeka. Mtihani wa kidato cha sita nimeufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikafaulu. Mume wangu akasema, nenda, ng'ombe nitawaangalia mimi. Na leo naona aibu kusema mimi ni mwanafunzi. Najichukia kidogo.

Usiku wasichana wamekwenda kusomea chumba cha jirani. Kucheka kwao nakusikia kupitia ukutani.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeitwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Nilikwenda nikidhani nina kosa, kumbe ni kheri. Dada mpole sana. Akaniwekea chai yenye tangawizi, akaniuliza nalalaje, nakulaje, kama kuna mtu ananisumbua. Hakuna anayenisumbua. Hilo ndilo tatizo, ila sikulisema.

Ana chumba cha mtu mmoja, kule nyuma ya zahanati. Tulivu, kina bafu lake. "Utapumzika, mama yangu." Jibu anataka Ijumaa.

Nilitaka kulia kwa shukrani. Mtu hanijui, ameketi akanifikiria. Lakini nilipotoka nje nikahisi kama nimeagwa. Nimekuja huku kusoma na watu. Mle ndani nitasoma na nani? Na nikibaki hapa, je, nitasoma na nani? Wanasubiri nitoke ndipo waongee. Watoto wa watu wanabanwa kwa sababu yangu.

Nitakikubali. Basi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua toka asubuhi. Zuhura hajala tangu jana. Amejifunika blanketi na masweta mawili, analia kimyakimya, akidhani sisikii. Ugali wa mesini haupandi. Anataka kwao. Anataka wali.

Mimi nina mchele wa Mbarali kwenye begi. Nimemtazama yule mtoto, nikashindwa. Nikavuta mfuko. Halafu nikainama, nikavuta na jiko.

"Neema, funga mlango."

"Mama! Wewe?"

"Mimi. Funga."

Neema akaangua kicheko hadi akakaa chini. Zuhura akatoa kichwa kwenye blanketi. Tukaanza. Kumwaga maji, kupokezana kijiko, kupepea mvuke kwa daftari la saikolojia. Sijacheka hivyo tangu niondoke nyumbani. Neema anajua kuiga mhadhiri wetu anavyovuta suruali kabla ya kuandika ubaoni. Kumbe hayo ndiyo wanayochekea kule kwa jirani.

Ila mchele wetu unanukia. Sifa yake ndiyo hiyo, na leo imetuponza. Mlango ukagongwa. Matroni. Yule wa kweli. Binti wa rika la mwanangu Tumaini.

"Jiko la nani?"

Nikasema langu. Neema akasema lake. Zuhura, sauti ya mafua, akasema letu sote.

Matroni akanigeukia. "Mzazi, muda wa wageni umekwisha."

"Mimi si mgeni. Naishi hapa."

Akataka kitambulisho. Akakisoma, akanitazama, akakisoma tena. Kwanza akaniamkia vizuri, "shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Ndipo akanifokea. Kwani hujui sheria? Unataka kuunguza hosteli? Simama na wenzako hapo! Jumamosi mtasugua vyoo vya ghorofa hii, watatu wote!

Nikajibu "ndiyo, matroni" kwa adabu. Moyoni vigelegele. Na wenzako, amesema. Na wenzako!

Jiko ameondoka nalo. Sufuria ametuachia. Tumekula hadi ukoko.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwenda kwa mshauri wa wanafunzi. Nimemshukuru sana, nikamwambia chumba ampe mwingine, mimi nabaki. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia siwezi kuhama, kesho nina adhabu. Amecheka hadi akavua miwani.

Baba Tumaini kwenye simu: "Umri huo unaadhibiwa?" Amewaita na majirani wasikilize. Mshenzi.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumesugua. Mgongo umekufa, ila siku gani hii! Neema anaanzisha pambio, mimi naitikia, Zuhura anamwaga maji ovyo. Ghorofa nzima imekuja kuchungulia. Mmoja akapaza sauti kutoka mlangoni, "Mama, kona hiyo umeiruka!" Nikamwambia aingie aisugue yeye. Akaingia kweli, na ndoo yake. Wakaja wengine wawili. Tuliolowa ni wengi kuliko walioadhibiwa.

Jioni diskasheni ya masomo imefanyika chumbani kwetu. Vitandani, sakafuni, kila mahali mtu. Wamenibishia mada ya malezi ya watoto. Mimi! Nimewabishia nikashindwa hoja moja. Nimeumia na nimefurahi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimerudi kutoka kanisani. Ukungu umefunika mlima wote. Neema amelala, mdomo wazi. Nilitaka kwenda kuoga. Nimetafuta ndala zangu chini ya kitanda, nyuma ya mlango, dirishani. Hakuna.

Zuhura yuko bafuni, namsikia anaimba. Amezivaa. Hakuomba.

Nimepandisha miguu kitandani. Namsubiri amalize.