Homa Haisubiri Ibada

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima joto kabla ya uji. Kawaida. Nimesukutua kwa maji ya chumvi. Dawa za saratani ya damu zimeninyoa nywele na kunimalizia kinga. Nesi alinifundisha kila kitu na nimekishika. Wenzangu wa kidato cha pili wanafanya mtihani leo. Inaniuma.

Jumatano, 5 Machi
Koko, bibi yangu, ameshuka kutoka mlimani na kibuyu cha maziwa mgando. Nimekataa. Hayakuchemshwa. Pia alikuwa anakohoa, kwa hiyo nilimpa shikamoo kutoka mbali, sikuinamisha kichwa aniguse kama desturi yetu. Shangazi, ambaye tunaishi naye, akasema, "Ugonjwa umekupa cheo? Sasa Koko aombe ruhusa kwako?"
Nikajibu ndiyo. Mama akanikazia macho. Koko aliondoka bila kuaga. Nimelia. Lakini ningekataa tena.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekuja wageni wengine, wawili wana mafua. Nimejifungia chumbani. Nimesikia wakiniita mwenye maringo. Sawa. Mwenye maringo aliye hai.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi nyuzi 38.4. Nimerudia, vilevile. Baba ni mzee wa kanisa, leo zamu yake kusoma Neno. Alishavaa tai. Akasema nimeze vidonge vya homa, twende hospitali baada ya ibada. Shangazi akasema ni malaria tu, mvua hizi.
Nilikataa vidonge. Vingeshusha joto na kuficha hatari. Nesi alisema kwangu homa ni hospitali, saa hiyohiyo. Nikabeba begi, nikatoka hadi barabarani, kwenye matope.
"Kasome Neno, Baba. Nikifika nitakupigia."
Nauli sikuwa nayo. Akanifuata na tai yake. Tukapanda bajaji hadi hospitali mjini.

Jumatatu, 10 Machi
Bakteria kwenye damu. Dripu mkononi. Daktari alimwambia Baba kwamba kama tungesubiri hadi jioni, labda tungechelewa. Baba alitazama viatu vyake.

Alhamisi, 13 Machi
Joto limeshuka. Kwenye kitanda cha pili yupo mama kutoka Usa River, naye anatibiwa saratani kama mimi. Mchana aliletewa wageni wanne. Baba alisimama mlangoni, akawaonyesha bomba.
"Mikono kwanza, jamani. Na mwenye mafua abaki nje."
Mmoja akamuuliza yeye ni nani humu.
"Baba yake yule."
Wakapanga foleni. Nilisikiliza maji yakitiririka, nikasinzia.